Goti Lililokatika Kano Hutembeaje?

Mabibi na mabwana, na hasa ninyi wachezaji wa raga na kandanda mliofika jioni hii, nitazungumzia kano moja tu ya goti (kano ni utepe mgumu unaounganisha mfupa na mfupa), ile ya msalaba ya mbele, kwa kuwa ndiyo inayowafanya wengi waulize mbona paja limenywea ilhali kilichoumia ni goti.

Kano hiyo huuzuia mfupa wa muundi usisogee mbele kupita kiasi chini ya mfupa wa paja, na pia husaidia kuudhibiti usijizungushe. Tena, ndani yake mna miisho ya neva inayouarifu ubongo hali ya kiungo. Inapokatika, mara nyingi mchezaji akigeuka ghafla au akitua vibaya bila kuguswa na mtu, taarifa hizo huvurugika, goti huvimba, na amri za neva za kuikaza misuli ya mbele ya paja hupungua. Uvimbe huo, hata usipouma, unatosha kuidhoofisha misuli hiyo. Kwa hiyo kocha anayemkemea kijana kwamba ni mvivu anamwonea.

Katika mwendo wa kawaida, unapokanyaga, goti hukunjika takriban nyuzi 15 hadi 20 ili lipokee uzito, na misuli ya mbele ya paja hulizuia lisiendelee kukunjika. Lakini goti likikaribia kunyooka, misuli hiyohiyo huuvuta muundi mbele, na kano ya kuupinga mvuto huo haipo tena. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walieleza wagonjwa waliotembea kwa kukwepa kuitumia misuli hiyo ya mbele ya paja. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba si wote hufanya hivyo: wengine huikaza misuli ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, goti likawa gumu, na gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, ikabanwa zaidi.

Kwenye barabara tambarare huenda usimtambue mtu aliyekatika kano hiyo. Mtazame akishuka ngazi za daraja la wapita njia pale Thika Road, Nairobi: huutanguliza mguu ulioumia kila kidato, ili ule mzima ufanye kazi ya kumteremsha.

Upasuaji wa kuweka kano mpya haurudishi nguvu za paja papo hapo, ndiyo maana wataalamu wengi hushauri mchezaji asirudi uwanjani kabla ya miezi 9. Hata hivyo, kupima nguvu hizo kwa kuulinganisha mguu uliopasuliwa na mwenzake kunaweza kutudanganya, kwa sababu ule mwingine nao huweza kudhoofika. Heri timu ipime nguvu za mapaja ya wachezaji kabla ya msimu kuanza na kuyahifadhi matokeo.