"Dawa Imemkataa": Bakteria wa Tumboni na Tiba ya Saratani

Mhadhara uliotolewa Moshi mjini mbele ya wagonjwa wa saratani na ndugu wanaowauguza

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine, habari za asubuhi. Nimefurahi kuona wanaouguza wamekuja pamoja na wanaouguzwa, maana ninayotaka kuyasema leo huanzia jikoni na kwenye duka la dawa kabla hayajafika hospitali.

Katika kazi yangu ya ufamasia, neno nililolisikia mara nyingi kuliko yote ni hili: dawa imemkataa. Wagonjwa wawili, saratani moja, dozi moja. Mmoja anapona, mwingine anaishia kuharisha na kukonda. Tunasema dawa imemkataa, tunanyamaza.

Mwaka 2015 watafiti wa Chicago walikutana na jambo hilo kwa panya. Walikuwa na panya wa ukoo mmoja walionunuliwa kwa wafugaji wawili tofauti. Wakawapandikiza saratani ya ngozi ya aina moja. Kwa panya wa mfugaji mmoja uvimbe ulikua polepole, kwa wa mwenzake ukakimbia. Wakachukua panya wengine wa pande zote mbili, wakawafuga kizimba kimoja kabla ya kuwapandikiza. Tofauti ikatoweka. Panya hula vinyesi vya wenzao, na pamoja na kinyesi huhama bakteria. Bakteria waliohama, hasa wale waitwao bifidobakteria, ndio waliobadilisha mambo.

Mwaka huohuo, kituo cha Gustave Roussy karibu na Paris kilionyesha kwamba panya asiye na bakteria tumboni hanufaiki na dawa mojawapo ya zile zinazoamsha kinga. Dawa za aina hiyo, ambazo msingi wake uliwapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018, haziui saratani zenyewe. Fikirini sungusungu wa kijiji waliofungwa mikono: dawa inawafungua. Lakini sungusungu aliyefunguliwa mikono na bado amelala hamkamati mwizi. Bakteria wa tumboni ni miongoni mwa wanaomwamsha, maana seli za kinga zimejaa kando ya utumbo na kila siku zinakutana nao.

Kisha wakaja wagonjwa wenyewe. Mwaka 2018 timu ya Paris ilionyesha kuwa waliotumia antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria, karibu na kuanza dawa hizo waliishi muda mfupi zaidi kuliko wenzao. Na mwaka 2021, watafiti wa Pittsburgh, Marekani, na wa Israeli walifanya jambo ambalo najua litawakunjisha nyuso: walichukua kinyesi cha watu ambao dawa iliwakubali, wakakiingiza kwenye utumbo wa watu ambao dawa iliwakataa, wakawarudishia dawa ileile. Pittsburgh, kati ya wagonjwa 15, sita walinufaika. Israeli, kati ya 10, watatu. Ni wachache, lakini hao ni watu ambao dawa ilikuwa imeshindwa kabisa.

Mtaniambia dawa hizo ni ghali, huku kwetu tunazisikia tu. Kweli. Basi tuje kwenye dripu zetu.

Iko dawa ya saratani ya utumbo mpana inaitwa irinotekani. Ikishafanya kazi, ini huifunga: huibandika kipande cha sukari ili isidhuru tena, kisha huimwaga utumboni pamoja na nyongo ili itoke na choo. Sasa kuna bakteria wenye kimeng'enya kinachokata ule ubandikaji. Wao wanataka sukari, waile. Dawa iliyokuwa imefungwa inafunguka palepale, inaunguza utando wa utumbo, na mgonjwa anaharisha mpaka anashindwa kusimama. Mwaka 2010 watafiti wa North Carolina walikizuia kimeng'enya hicho kwa panya, na panya wakaepuka kuharisha. Kwa hiyo mgonjwa anapoharisha vibaya kuliko jirani yake wa kitanda, si uzembe wala mwili laini. Tumboni mwake mnaishi wapangaji wengine.

Niwaeleze la nyumbani. Mama yangu mdogo aliugua saratani hiyohiyo. Siku moja nilifika kwake Kibosho, nikaona juu ya kabati la vyombo kopo la majani ya chai. Ndani mlikuwa na vipande vya pakti za vidonge vilivyokatwa kwa mkasi: amoksilini sita, metronidazo vinne, siprofloksasini viwili, zote antibayotiki. Akikohoa kidogo, ananunua. Tumbo likivuruga, ananunua. Muuzaji hakuwahi kumuuliza kama yuko kwenye matibabu, na mimi niliyekuwa nampeleka kwenye dripu sikuwahi kumuuliza ananunua nini. Siwezi kusimama hapa niseme vidonge vile ndivyo vilivyomwondoa, nitakuwa nadanganya. Ninachojua ni kwamba daktari wake alikuwa akipanga dozi, na hakuna aliyemwambia yaliyokuwa yakiendelea tumboni mwa mgonjwa wake.

Hapa mnisikilize vizuri, maana kuna hatari ya kuondoka na nusu ya neno. Sikusema antibayotiki ni mbaya. Mgonjwa wa dripu za saratani akipata homa ya nyuzi 38, hiyo ni dharura hata kama ni saa nane za usiku. Kinga yake imeshuka, na antibayotiki za hospitali, zikiingia ndani ya saa moja, ndizo zitakazomwokoa. Ninachokataa ni vidonge vinne vya mkasi kwa ajili ya mafua.

Kuhusu chakula, watafiti wa Houston, Marekani, walifuatilia wagonjwa 128 wa saratani ya ngozi waliokuwa kwenye dawa za kinga. Waliokula nyuzinyuzi za kutosha, gramu 20 kwa siku au zaidi, walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kusonga mbele. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10. Vile vidonge vya bakteria vinavyouzwa kama vya kuongeza afya, kwa panya vilidhoofisha tiba. Mwenye saratani ya koo la chakula, ambayo huku kwetu ni nyingi, asilazimishwe makande. Mtori laini na uji vinatosha, na aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo amuulize daktari wake kwanza.

Wala tusikimbilie orodha ya bakteria wazuri iliyoandikwa ughaibuni. Mwaka 2014 walipimwa Wahadzabe 27 wa kando ya Ziwa Eyasi, wakalinganishwa na Waitaliano wa Bologna. Wahadzabe wazima hawakuwa na bifidobakteria, walewale waliosifiwa Chicago. Wana upungufu? Hapana, aina za bakteria tumboni mwao zilikuwa nyingi kuliko za Waitaliano. Tumbo la mtu wa huku lina historia yake, na linastahili kupimwa huku.

Kazi hiyo imeanza, na imeanzia hapahapa. Mwaka 2025 watafiti wa hospitali ya KCMC ya hapa Moshi na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha utafiti wa vijana wa kiume 77 wa Kilimanjaro. Waliozoea chakula cha asili walipewa cha kizungu kwa wiki mbili, na damu yao ikaonyesha dalili za mwili kuwashwa moto ndani kwa ndani. Waliogeuzwa upande wa pili, dalili hizo zikashuka. Mengine yalionekana hata wiki nne baadaye. Walikuwa vijana wazima, si wagonjwa wa saratani, kwa hiyo msiuvute utafiti huo usikofika.

Naona mzee wa pale nyuma ameinua mkono. Ndiyo, baba. Ndiyo, kundi moja lilipewa mbege kwa wiki moja, na nao dalili zilishuka. Lakini mbege ni pombe, na pombe iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu vinavyosababisha saratani. Ini la mgonjwa wa dripu lina mzigo wa kutosha. Ulezi usagwe, upikwe uji. Ndizi zipikwe kiburu na maharage. Mbege yenyewe, mgonjwa aiache.

Sasa wale niliowaomba waje na mifuko ya dawa zao, pamoja na zile za dukani, wasogee huku dirishani. Tutafungua mfuko mmoja mmoja.