Uskoti kwa Mwendo wa Kupishana

Mabibi na mabwana, nimeombwa niwashauri kuhusu likizo ya Uskoti, nami nitaanzia pale ninapoanzia kila mara: ile ratiba ya kulala Edinburgh, kwenda kuona kisiwa cha Skye na kurudi siku hiyohiyo, ifuteni kabla hamjalipia chochote. Kutoka Edinburgh hadi Portree, mji mkubwa wa Skye, ni yapata kilomita 370, na safari hiyo huchukua zaidi ya saa 5 kwenda tu. Tangu daraja la kuiunganisha Skye na bara lilipofunguliwa mwaka 1995, watu wanadhani kisiwa nacho kimesogezwa karibu.

Najua yupo anayenong'ona huko nyuma kwamba sisi wa Kenya na Tanzania huendesha kushoto kama wao, tena tumekwisha kupanda Lushoto, basi barabara nyembamba haitutishi. Kutotishika huko ndiko kunakonitia wasiwasi. Sehemu nyingi za magharibi na visiwani, barabara ni ya upana wa gari moja tu, ilhali magari hutoka pande zote mbili, na kila baada ya masafa mafupi pametengwa nafasi ya kupishana. Ikiwa nafasi hiyo iko kushoto kwako, unaingia. Ikiwa iko kulia, unasimama mkabala nayo ili mwenzako aingie, kisha mnapungiana mkono. Anayekufuata akiwa na haraka, humo humo unampisha, kwa sababu huenda ni mwenyeji anayewahi kivuko, wala hakuja kutazama milima. Kuegesha gari humo ili umpige picha kondoo ni utovu wa adabu, na kondoo wenyewe hawana habari na sheria yoyote ya barabarani. Kwa mwendo huo kilomita 40 zinaweza kukumalizia saa nzima, ndiyo maana nasisitiza mchague upande mmoja mkae.

Mimi ningechagua Oban, mji wa bandari wa pwani ya magharibi. Treni kutoka Glasgow hufika huko kwa yapata saa 3, na kutoka bandarini kivuko hukufikisha Craignure, katika kisiwa cha Mull, kwa muda usiofika saa nzima. Mkivuka Mull hadi Fionnphort, chombo kidogo kitawapeleka Iona, alikoanzisha monasteri Mtakatifu Kolumba mwaka 563. Magari ya wageni hayaruhusiwi Iona, na wageni wengi huondoka jioni. Laleni huko walau usiku mmoja. Anayevuka na gari wakati wa kiangazi aweke nafasi mapema sana.

Muda unaniishia, kwa hiyo nitayapitia mengine upesi. Usubi huuma vibaya kuanzia Juni hadi Agosti, basi mwezi wa Mei ni bora. Kasri la Edinburgh mtakwenda hata nikiwakataza. Blantyre, karibu na Glasgow, ipo nyumba alimozaliwa David Livingstone mwaka 1813, na anayeijua Bagamoyo, ulikofikishwa mwili wake mwaka 1874 na watumishi wake, akina Chuma na Susi, asiikose. Desemba jua la Edinburgh huzama kabla ya saa 10 jioni, kwa hiyo aliyekwisha kununua tiketi ya mwezi huo aje hapa mezani tuipange upya ratiba yake.