Sepetu Nyekundu na Jengo la Locust

Ndugu zangu, habari za jioni. Nikitaja ile sepetu nyekundu ya bustani, iliyochomekwa ardhini hapa katikati ya mji wa Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, ndefu karibu mita 7, wengi wenu mnaijua. Ni kazi ya wachongaji Claes Oldenburg na mkewe Coosje van Bruggen, ya mwaka 2001. Ila mimi nimekuja na habari za jirani yake, jengo namba 1716 la mtaa wa Locust, la mwaka 1912. Hilo limetokana na fedha za jarida la wakulima.

Mwenye jarida hilo ni Edwin Meredith, kijana wa shambani, magharibi mwa Iowa. Babu yake alikuwa na gazeti la siasa za wakulima. Edwin alipooa, mzee akampa gazeti lile liwe zawadi ya harusi, na kikaratasi juu yake: zama au ogelea. Kwetu bibi harusi angeuliza sufuria ziko wapi! Kijana akalitoa kwenye siasa, baadaye akaliuza, na Oktoba 1902, hajatimiza miaka 26, akaanzisha jarida la wakulima, Successful Farming.

Wakati ulimkubali. Tangu 1896 posta ya Marekani ilikuwa ikijaribu kuwafikishia wakulima barua hadi njia panda za mashamba yao, na 1902 huduma hiyo ikawa ya kudumu. Jarida lilisafirishwa kwa senti 1 kwa ratili. Bei ya karanga.

Lakini bahasha inayofika shambani hufika na matapeli pia. Mwanamke anaona tangazo la mashine ya kutotolea vifaranga, anatuma fedha zake za mayai, anasubiri, mashine haiji. Atamshika nani? Meredith akachapa ahadi: ukitapeliwa na aliyetangaza kwetu, tunakulipa sisi. Kwangu mimi, jengo lile limesimama juu ya sentensi hiyo. Wasomaji waliamini, wauza mashine wakafuata wasomaji.

Mwaka 1920 Rais Wilson akamfanya waziri wa kilimo, kazi ya mwaka mmoja tu. Akarudi, na 1922 akatoa jarida jingine, la matunda, bustani na nyumba; 1924 likabadilishwa jina kuwa Better Homes and Gardens. Huyu mdogo akaja kumpita kaka yake mbali, kwa sababu watu wa mjini nao wana ua wa kupanda maua.

Basi mkipita Locust, tazameni tena kile kilichochomekwa pale nje. Si plau.