Kikoi Mlangoni

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Nilipokuwa naingia, mama mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Ndiwe uliyetoa watoto shule?" Nikamwambia ndimi, nawasomesha mwenyewe nyumbani. Akaniangalia kwanza, kisha akasema, "Na huchoki?" Basi hii karatasi niliyoandika nimeikunja. Nitajaribu kumjibu mama yule, na wengine mtanisamehe.

Nachoka. Lakini si pale mnapodhani.

Tuanze mwanzo. Mimi sikuamka siku moja nikaichukia shule. Machi 2020 serikali ilifunga shule zote kwa sababu ya korona. Mwanangu mkubwa alikuwa gredi ya 2, binti yangu alikuwa wa chekechea, kitinda mimba bado ananyonya. Sisi twakaa Likoni, Mombasa. Baba yao anafanya kazi bandarini, Kilindini, kwa zamu. Wiki ya zamu ya usiku alikuwa akivuka feri kurudi nyumbani, watoto wameshatoka kwenda shule. Wakirudi, yeye anajitayarisha kuondoka. Mkubwa aliwahi kuniuliza kama baba ana nyumba nyingine. Nikacheka, kisha sikucheka tena.

Shule zilipofungwa, kwa mara ya kwanza watoto wakanywa chai na baba yao saa moja asubuhi. Mvulana ambaye mwalimu alikuwa akimwita mzito, akaanza kusoma magazeti yaliyofungiwa maandazi. Shule zilipofunguliwa kwa wote Januari 2021, tulikaa mimi na mume wangu usiku mzima, tukaamua tujaribu mwaka mmoja. Niliacha ukarani wangu, mishahara miwili ikawa mmoja, na nyama ikahamia Ijumaa. Hilo la pesa sitalirefusha, kila mtu hapa anajua hesabu ya nyumba yake.

Lakini hili lazima niliseme, kwa sababu kuna watu huliruka. Kifungu cha 53 cha Katiba yetu ya Kenya kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na asiyefanya hivyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mzazi wa aina yangu hakufunguliwa mlango waziwazi humo. Anayetaka kufuata njia hii aisome sheria kwanza, aulize wakili, asije akasema alinisikia mimi ukumbini. Na mitihani ya kitaifa husajiliwa kupitia shule. Hilo pia ulijue mapema, si mtoto akifika gredi ya 6.

Haya. Siku yetu.

Masomo ya daftari ni saa tatu tu, kuanzia saa mbili hadi saa tano. Watu hushtuka. Lakini darasani mwalimu ana watoto 50 au 60. Kwangu wapo wawili, zamani watatu. Hakuna kupanga mstari, hakuna kusubiri mwenzio amalize kunakili ubaoni. Miongozo ya mtaala naipakua bure kutoka kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, naona gredi fulani yatakiwa kujua nini, kisha natafuta njia yangu. Na yote hayo kwa sauti ya chini, kwa sababu baba amelala chumba cha pili. Wanangu wamejifunza kuimba silabi kwa kunong'ona: ba, be, bi, bo, bu.

Kusomesha mtoto kusoma kwa Kiswahili ni raha, wallahi. Herufi yasema jina lake, haikudanganyi. Kitinda mimba alishika silabi, na baada ya wiki chache akawa anasoma maandishi ya matatu. Kilichomtatiza ni ng'ombe. "Mama, hiki kijiti juu ya g ni cha nini?" Nikamwambia kitoe uone. Akasoma "ngombe", akacheka mpaka baba yake akaamka. Kiingereza nacho, hata kisu tu, "knife", chaandikwa kwa k isiyosemwa! Huko twaenda polepole, na mimi mwenyewe nachungulia kamusi.

Kisha kuna bibi yao, mama yangu, ambaye ana Kimvita chake na hakipunguzi kwa ajili ya mtu. Siku moja ameita kutoka uani, "Ndoo hapa!" Mtoto akamletea ndoo ya maji. Bibi akashika kiuno. Kwake "ndoo" ni "njoo", na "ndia" ni "njia". Somo letu la siku ile liliachwa, tukafanya orodha ya maneno ya bibi na maneno ya kitabu. Nikawaeleza kwamba mkutano ulioamua Kiswahili sanifu kifuate Kiunguja ulifanyika papa hapa Mombasa, mwaka 1928. Bibi aliposikia hilo akasema, "Wamekuja kwetu kula, wakasifu chakula cha jirani." Nimelinukuu kwa idhini yake.

Hesabu huanza jikoni. Asubuhi ya mahamri, donge la unga lasukumwa duara, lakatwa mara mbili, zatoka robo nne. Madonge saba, mahamri mangapi? Binti alijua 28 kabla hajajua kuandika jedwali la nne. Akaja kunidai: "Mimi nimekula matatu, ni robo tatu tu, donge zima sijafika." Tui zito na tui jepesi pia ni somo, lakini mbuzi inakata vidole, kwa hiyo kukuna nazi ni kuanzia miaka tisa.

Somo nililolipenda kuliko yote sikulipanga. Tulikuwa twavuka feri, mkubwa akaniuliza kwa nini leo mteremko wa kuingilia ni mkali, magari yanashuka kama yanaanguka, na juzi ulikuwa kama uwanja. Nilikuwa na jibu. Nikalimeza. Tukanunua daftari, na kwa mwezi mzima akaandika saa ambayo maji yametoka kabisa mchana, na usiku ule mwezi uko vipi. Siku ya tatu akaona maji yachelewa. Kila siku kama dakika 50 zaidi. Wiki ya pili akaanza kuniambia kesho maji yatatoka saa ngapi. Alipofika mwisho wa daftari, aligundua mwenyewe yale ambayo wavuvi wetu wamekuwa wakiyasema siku zote: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yajaa sana na yatoka sana, na katikati yake ni maji mafu. Hapa kwetu bamvua yaweza kupandisha maji karibu mita 4 kutoka pale yalipokuwa yametoka. Mteremko wa feri ukaeleweka. Nilijivunia siku ile kama nimeumba bahari.

Sasa turudi kwenye kuchoka.

Kinachochosha si kusomesha. Ni neno "tu". "Si uko nyumbani tu?" Shangazi ataka kupelekwa benki, si uko nyumbani tu. Jirani ana fundi wa bomba anakuja, nikae naye, si niko tu. Kuna matanga Kisauni, wenye kazi hawawezi kwenda asubuhi, basi niende mimi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikisema ndiyo kwa wote, na saa tatu zangu zikawa saa moja. Kukataa nako ni kazi, kwa sababu mlango wa Mswahili haufungwi. Mtu akipiga hodi, utamwambia nini? Nasomesha silabi?

Nikapata wazo. Nikawaambia majirani kwa upole: mkiona nimetundika leso, yaani khanga, kwenye kitasa, tuko kwenye masomo, mkiona imetolewa, karibuni chai. Wakacheka, wakakubali. Asubuhi ya kwanza nikavuta leso ya juu kabatini, nikatundika, nikaingia ndani. Siku tatu jirani yangu wa mkabala hakuniamkia. Siku ya nne nikamfuata. Akaniambia, "Ukiwa na neno na mimi niambie, usinitundikie mlangoni." Kwenda kuisoma ile leso, imeandikwa: HASIDI HANA SABABU.

Mnacheka. Mimi nililia. Nilimpelekea sahani ya mahamri na maelezo ya nusu saa. Tangu siku ile natundika kikoi. Kikoi hakisemi kitu.

Sasa niseme jambo ambalo si la kuchekesha. Mtaniuliza watoto wangu watajuana na nani. Kila mtu huuliza. Hilo halinitishi. Alasiri wako madrasa na watoto wa mtaa mzima, jioni mpira uko uwanjani, Ijumaa na Idi nyumba imejaa. Pwani mtoto alikuwa na chuo cha Kurani na baraza kabla hajawa na shule. Swali lililonikosesha usingizi ni jingine, na aliyeniuliza ni binti yangu.

Tulikuwa kwenye kugawanya kwa njia ndefu. Nilikuwa nimelala kwa muda wa saa nne tu, mtoto mdogo ana homa, umeme umekatika. Amekosea mahali palepale mara ya tano. Nikapiga meza, nikasema maneno ambayo sitayarudia hapa. Hakulia. Akafunga daftari taratibu, akasema, "Nikiwa shule, mwalimu akinigombeza nilikuwa nikija kukwambia wewe. Sasa nimwambie nani?"

Nilitoka nikakaa uani. Kwa sababu alikuwa na haki. Shule, pamoja na kasoro zake zote, ni mahali pa pili. Mtoto akishindwa kule, ana nyumba ya kurudi. Akiudhiwa nyumbani, ana mwalimu au rafiki wa kumwangalia usoni. Mimi nilikuwa nimekusanya vyote viwili kwenye meza moja, nikakalia viti vyote. Mama ndiye mwalimu, ndiye mkuu wa shule, ndiye mpishi. Na mimi vilevile: nilipokuwa karani, nikichoka na watoto nilikuwa na ofisi ya kukimbilia, nikichoka na ofisi nina watoto.

Tangu hapo hesabu ngumu hazifundishwi na mimi. Baba yao huamka saa nane mchana, na kabla hajala anakaa na binti yake nusu saa. Yeye ni mtu wa kuhesabu makontena, ana subira ya ajabu, na akikosea yeye binti hufurahi. Mimi wakati huo natoka. Nazunguka mtaani, hata sina pa kwenda, natembea mpaka ufuoni narudi. Kusoma hadithi ni kwa bibi. Na tumewekeana sharti: mtu yeyote aliyeudhiwa mezani anaweza kwenda kwa bibi bila ruhusa, na mimi siulizi alichosema huko. Naweza kuwaambia kwa uhakika kwamba bibi amesikia mengi juu yangu.

Na mwanangu mkubwa? Huyu wa daftari la bahari?

Mwisho wa 2022 aliniambia anataka kurudi shule. Nikamuuliza amekosa nini. Akasema hajakosa kitu, anataka timu ya mpira yenye jezi, na anataka kuwa na hadithi ambazo mimi sikuwepo. Hivyo ndivyo alivyosema: "hadithi ambazo wewe hukuwepo." Mwalimu mkuu alimpa mtihani, akaniuliza ripoti zake za miaka miwili ziko wapi, nikamwonyesha madaftari. Akaligeuza lile la maji kupwa na kujaa ukurasa kwa ukurasa, hakusema neno. Januari 2023 mtoto akaanza gredi ya 5. Wiki ile ya kwanza nilikuwa nikikata mahamri ya watu wasiokuwepo.

Kuna ndugu walifurahi, nisifiche. Wakasema, umeona? Dada mmoja aliniambia nimeshindwa. Mwenyewe sijui kama nimeshindwa. Wawili bado wako mezani, mmoja yuko shule, na kila Desemba tunakaa chini na kila mtoto tunamuuliza upya. Binti mwaka jana alisema abaki. Kitinda mimba alisema atakwenda akipata baiskeli. Hapati.

Mama yangu wa pale mlangoni, natumaini nimekujibu. Nachoka, ndiyo, na siku nyingine hiyo nusu saa ya kutembea ufuoni ndiyo inayonirudisha mezani.

Mkubwa sasa ni kijana, sauti imeshavunjika. Siku za mitihani huwaachia mapema. Anafika saa nne, anakuta kikoi kwenye kitasa. Ana ufunguo wake mfukoni. Hautumii. Anasimama nje, anapiga hodi, na anangoja tumkaribishe.