Fimbo Tatu: Kuhakikisha Uviringo wa Dunia Ukiwa Lamu

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu na vijana. Kijana mmoja ameniletea video kwenye simu: dunia ni bapa kama sinia. Simlaumu. Sote tuliambiwa darasani ni mviringo, tukaandika daftarini, tukapasi mtihani. Nani kati yetu aliwahi kuhakikisha?

Manahodha mliopo hapa hamna haja ya somo la kwanza. Jahazi likishika bahari kuu, mwili wa chombo hupotea kwanza, kisha tanga, mwisho ncha ya foromali, ule mti unaobeba tanga. Yule wa video atasema ni macho tu. Basi chukua darubini: tanga litakua, lakini mwili haurudi. Umefunikwa na maji yenyewe.

Kupatwa kwa mwezi nako, kama kule kwa Julai 27, 2018, kivuli cha dunia huja na ukingo wa duara. Sinia nalo hutoa duara, ila likikaa ubavu hutoa mstari. Mstari huo hajauona mtu.

Ninachokipenda mimi ni fimbo. Juni 21 simamisha fimbo ya mita moja, iweke wima kwa timazi, ule uzi wa fundi wenye uzito chini, kisha achana na saa. Subiri kivuli kifupi kabisa cha siku. Hapa Lamu huja saa sita na robo na ushei, nacho ni sentimita 48. Jamaa yako wa Mtwara akifanya vilevile atapata 67. Zigeuze ziwe pembe, yaani miale ya jua imeinama kiasi gani kutoka kwenye fimbo: tofauti ni nyuzi 8. Mtwara iko kama kilomita 890 kusini mwetu. Duara zima ni nyuzi 360, yaani nane mara 45. Na 890 mara 45 ni 40,050. Mzingo wa dunia kupitia ncha zake mbili ni kama kilomita 40,008!

Msipige makofi bado. Hiyo ni njia ya Eratosthenes, mtaalamu Mgiriki aliyekuwa kule Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, na yeye alikwisha kukubali kuwa dunia ni mviringo. Alitafuta ukubwa tu. Kijana wetu ana haki ya kupinga. Fimbo mbili zinakubaliana pia na dunia bapa yenye jua la karibu, mfano wa taa ya barabarani: ukisogea mbali na nguzo, kivuli chako kinarefuka.

Fimbo ya tatu ndiyo hakimu. Chini ya taa, penye ardhi bapa, kivuli huongezeka kiasi kilekile kwa kila kilomita. Kutoka Lamu hadi Mtwara kimeongezeka sentimita 19. Durban, Afrika Kusini, iko kusini zaidi ya Mtwara kwa kama kilomita 2,170. Kwa mwendo uleule, kivuli cha huko kisingefika 115. Kwa dunia ya mviringo ni 134. Tofauti hiyo mtoto ataiona kwa rula ya shule.

Naam, mzee? Mawingu ya Juni? Tutapima kesho yake, au keshokutwa. Siku hizo kimo cha jua la adhuhuri karibu hakibadiliki.

Wa Mtwara ninaye: shemeji yangu, fundi mwashi, timazi anayo. Wa Durban ndiye sina. Mwenye jamaa huko asiondoke kabla hajanipa namba.