Kwa Nini Nikimvua Samaki Namrudisha Majini

Asalaam aleikum, shikamooni wakubwa zangu wa Kigoma, wa Ujiji, Kibirizi, Katonga na kokote mnakonitazamia, na wadogo zangu hamjambo. Tangu niweke zile picha za mwezi uliopita, mama zangu wadogo hawanipi nafasi kwenye simu. "Wewe mtoto, unakaa na ndoano kwenye baridi kutwa nzima, ukimpata samaki unamtupa majini?" Ndiyo, mama. Ila simtupi, namrudisha taratibu kwa mikono miwili. Leo nawaeleza sababu. Nitawaonyesha pia uvuvi wenyewe wa huku unavyokwenda, maana najua wengi wenu mna watoto Uingereza wanaoshinda chumbani Jumamosi na Jumapili, hawana wa kuwajulia hali. Mimi watu wangu wa hapa nimewapata kando ya maji, na mshipi mkononi.

Hapa nilipo ni Birmingham. Mnaouona nyuma yangu ni mfereji, umechimbwa kwa mikono ya watu. Wa kwanza wa mji huu ulifunguliwa mwaka 1769 ili mashua zilete makaa ya mawe kutoka migodi ya Wednesbury. Reli zikaja, kisha malori, biashara ya mashua ikafa, mifereji ikabaki. Leo taasisi iitwayo Canal & River Trust inatunza kama kilomita 3,200 za mifereji na mito ya Uingereza na Wales, na sehemu kubwa ya hizo unaweza kuvua. Mtu asiye na gari, kama nilivyokuwa mimi nilipofika, anapanda basi na ufito wake wa kuvulia, anashuka, anakaa.

Tuanze na samaki wenyewe. Yupo rochi, mweupe wa fedha, mapezi mekundu, mdogo tu, ndiye wa kujifunzia. Yupo pachi, ana mistari myeusi ubavuni na miba mgongoni, anapenda kujificha chini ya madaraja na kando ya mashua zilizofungwa. Huyo mpelekee nyungunyungu. Brimu ni mpana, anatembea kwa makundi, akija mmoja ujue wenzake wapo. Tenchi ana rangi ya kijani kama jani la mgomba lililolowa, na asubuhi na mapema akila chini utaona mapovu madogo madogo yanapanda. Kapi ndiye mwenye nguvu, nitamrudia. Halafu yuko paiki, mrefu, mdomo umejaa meno. Huyo, ninyi mnaoanza msimguse. Anataka kipande cha waya mbele ya ndoano, la sivyo anakata mshipi na kuondoka na ndoano mdomoni, na kumtoa ndoano kunataka koleo refu na mtu aliyezoea. Mngoje mpaka upate wa kukaa naye.

Sasa kazi. Jambo la kwanza, kabla hata ya chambo, ni kupima kina. Wazee wetu wa pwani hawatupi mshipi bila kujua chini kuna nini, na hapa ni hivyo hivyo. Mfereji una umbo lake: karibu na ukingo pana kibaraza kisicho na kina, kisha panateremka, katikati ndipo mashua zinapopita na ndipo penye kina kirefu, kama mita moja na nusu hivi, halafu panapanda tena kuelekea vichaka vya ng'ambo. Samaki wanapenda pale panapoteremka na pale chini ya vichaka. Unafunga chubwi nzito, kile kizito cha kuzamishia mshipi, kwenye ndoano, unaishusha mahali unapotaka kuvua. Boya likizama, mshipi ni mfupi, lisogeze juu. Boya likilala juu ya maji, mshipi ni mrefu, lishushe. Unarekebisha hivyo mpaka ncha yake tu ndiyo inaonekana. Hapo chambo chako kinagusa chini kabisa. Watu wengi wanakosa samaki kutwa kwa sababu chambo kinaning'inia nusu mita juu ya samaki wanaokula sakafuni.

Nikizungumzia chubwi, hizi zangu si za madini ya risasi. Zamani zilikuwa za risasi, zinadondoka majini, mabata maji wakubwa wale weupe wenye shingo ndefu wanazimeza wakidhani ni changarawe, wanakufa kwa sumu. Mwaka 1987 chubwi za risasi za uzito wa kawaida zikapigwa marufuku. Ukipewa za zamani na mtu, usizitumie, hata kama ni za bure.

Chambo. Dukani wanauza funza, wazima, kwenye kopo. Najua mama mdogo hapo umekunja uso, lakini hakuna samaki wa huku anayemkataa funza. Wengine wanatumia nyama ya kopo, na nyingi ni ya nguruwe. Sisi tusiotaka kuishika tusihangaike, mahindi matamu ya kopo yanafanya kazi vizuri sana kwa tenchi, brimu na kapi, na rochi wakati wa baridi anapenda kipande kidogo cha mkate mweupe kuliko kitu chochote. Siri iko kwenye kulisha. Usimwage kopo zima. Tupa funza watano au sita, ngoja dakika chache, tupa wengine watano. Unataka samaki wakae hapo wakitafuta, wasishibe. Ukiona umepata wawili watatu kisha kimya, usihame haraka. Punguza chakula, vua nusu mita kulia au kushoto. Mara nyingi hawajaondoka, wamesogea tu.

Na usipige mguu chini! Samaki ana mstari ubavuni unaosikia mtikisiko wa maji. Njoo polepole, weka kiti chako taratibu, kivuli chako kisianguke majini. Watoto wangu wa kaka wakija hapa hilo ndilo ninalowafundisha kwanza, kabla ya ndoano.

Ila yote haya, ndugu zangu, mimi sikuyasoma popote. Niliambiwa na watu waliokaa hapa hapa ukingoni. Mnajua Waingereza, mtu anaweza kuishi ukuta mmoja nawe miaka na asikuamkie. Mfanye huyo huyo akae kando ya maji, umpitie ukiwa na ufito, atakuuliza kama umepata kitu. Ukishajibu, umeingia. Mzee mmoja wa hapa, aliyefanya kazi kiwandani maisha yake yote, lafudhi yake ya Black Country, eneo la viwanda jirani na Birmingham, mwanzoni siielewi hata neno, ndiye aliyenionyesha kupima kina. Aliniona navua juu juu, akaacha ufito wake, akaja, akafungua kisanduku chake akanipa chubwi, akaniambia nibaki nayo. Mimi mwanamke, nimejifunga mtandio, Mwafrika, hakuniuliza nimetoka wapi wala nafanya nini hapa. Aliniuliza natumia chambo gani. Nchi yangu aliiuliza baadaye sana, tukiwa tumeshakuwa marafiki, na siku hizi anaijua Kigoma, anajua mgebuka ni samaki gani na karabai ni taa gani.

Ukikaa hapa utawakuta Wapolandi, Wajamaika, Wapunjabi, Waromania. Mtu akiishiwa funza, wa jirani anampa. Ukipata samaki mkubwa na uko peke yako, yule wa pembeni anauacha ufito wake chini na kuja mbio na wavu wenye mpini kukusaidia kumpokea, kisha anakupiga picha, anafurahi kana kwamba ni wake. Nimefiwa na mjomba nikiwa huku, sikuweza kurudi kuzika. Waliokaa nami siku zile walikuwa hawa wa mferejini. Walinimiminia chai ya chupa, wakakaa, hawakusema mengi, na sikutaka waseme mengi.

Adabu zake ni chache lakini zishikwe. Ukimkuta mtu, msalimie kabla hujakaa, umuulize kama unaweza kukaa pale. Usitupe mshipi wako juu ya wake. Mashua ikija, inua ufito mapema uwapishe, na uwapungie mkono. Vipande vya mshipi usiviache majanini, ndege wanajinasa miguu.

Sasa turudi kwenye lile la kumrudisha samaki. Kwanza ni sheria. Uingereza na Wales kila mwenye miaka 13 na kuendelea lazima awe na leseni ya kuvulia inayotambuliwa na Environment Agency. Wa miaka 13 mpaka 16 anaipata bure, mtu mzima kwa mwaka mzima hafiki pauni 40. Juu ya hiyo unahitaji ruhusa ya mwenye maji, ama tiketi ya siku ama uanachama wa klabu. Ukikutwa huna leseni, faini inaweza kufika pauni 2,500. Na samaki wa maji haya huwezi kuondoka nao bila ruhusa. Hata mtoni, ambako sheria inakubali kuchukua wachache, kuna kipimo: paiki mmoja tu kwa siku, asizidi sentimita 65. Wageni wengi wameingia matatani kwa kutojua. Angling Trust, chama cha wanaovua kwa burudani, kina mradi uitwao Building Bridges unaowafundisha wahamiaji sheria hizi na kuwaunganisha na klabu za wenyeji, na mabango yao yameandikwa kwa lugha kadhaa. Ningependa siku moja nione la Kiswahili.

Sababu ya pili ndiyo iliyonigusa mimi. Maji ya huku ni ya baridi, samaki wanakua polepole na wanaishi muda mrefu. Kapi anaweza kuishi zaidi ya miaka 30, akavuliwa na watu wengi, wakamjua kwa magamba yake, wakampa jina. Ziwa la Conningbrook, kule Kent, alikuwapo kapi aliyeitwa Two Tone, karibu kilo 31, mkubwa kuliko wote waliojulikana Uingereza wakati wake. Kuna watu walimfuata miaka wasimpate. Alipokufa mwaka 2010, wavuvi walimzika kando ya ziwa. Ningemla yule samaki, ningeshiba siku chache. Kwa kumrudisha, mamia ya watu waliamka alfajiri kwa ajili yake.

Ndiyo maana mikono ilowe kabla hujamshika, ule ute wake ndio ngozi yake ya kujikinga na maradhi, mkono mkavu unaubandua. Tumia ndoano isiyo na kikwamizo, kile kijino cha karibu na ncha, inatoka kwa wepesi. Mlaze kwenye mkeka laini uliolowa, si kwenye lami. Picha moja, mbili, mrudishe. Mshikilie wima majini mpaka aondoke mwenyewe.

Lakini nisieleweke vibaya, na hapa nasema na watu wa nyumbani. Simlinganishi anayevua ili watoto wale na mimi ninayevua Jumamosi baada ya kazi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaane. Huku mito nayo hufungwa miezi mitatu, kuanzia 15 Machi mpaka 15 Juni, na utaratibu huo ulianza na sheria ya mwaka 1878. Muda ni ule ule wa miezi mitatu, sababu ni ile ile. Tofauti ni kwamba mto ukifungwa hapa mimi nakosa starehe, naja mferejini ambako pengi pako wazi mwaka mzima. Ziwa likifungwa Kibirizi, mama anayeanika dagaa anakosa ada ya shule. Naunga mkono kulipumzisha ziwa, kwa moyo wote, kwa sababu dagaa na migebuka wakiisha hakuna atakayeturudishia. Naamini vile vile kwamba anayeambiwa akae miezi mitatu bila kipato apewe cha kushika, mkopo, vizimba vya kufugia samaki, kitu. Mzigo wa kuliokoa ziwa usiachiwe yule mwenye kidogo kuliko wote. Nimewaeleza hata wenzangu wa hapa mferejini, na wamenielewa haraka kuliko watu wengi, maana anayependa maji anajua yanachoka.

Mwenye ndugu Birmingham, Coventry au Wolverhampton, mwambieni anitafute. Nina ufito wa ziada na rili yake ya kukunjia mshipi, chambo nitanunua mimi, leseni ya siku moja inanunuliwa kwenye simu. Avae soksi mbili. Na tarehe 16 Juni mito ikifunguliwa tunakwenda mto Severn, upande wa Bewdley, kumtafuta babeli, samaki mwenye ndevu nne anayekaa kwenye mkondo mkali. Waliletwa kule kutoka mto Kennet mwaka 1956, wakaupenda. Yule mzee wangu anasema akikuvuta unadhani umenasa baiskeli inayoendeshwa. Video ijayo ni hiyo, inshallah.

Fii amanillah.