Siku 24 za Barua Moja, na Mfuko wa Mwimbaji

Ahsante, mwenyekiti. Walionisikia mwaka jana wataniwia radhi, narudi kwenye barua ile ile. Nitairudia mpaka wanamuziki na vijana wa kompyuta waache kukaa pande mbili za ukumbi, kama mlivyokaa leo.

Tarehe 23 Oktoba 2020, RIAA, chama cha makampuni ya kurekodi muziki ya Marekani, kiliiandikia GitHub, mtandao ambako watengenezaji huweka misimbo ya programu zao, kikitaka youtube-dl iondolewe. Ikaondolewa, pamoja na nakala zake 17 zilizotajwa kwenye barua.

Vijana wanaijua. Kwa wazee wangu wa udi na fidla: ni programu huria iliyoanza 2006. Msimbo wake uko wazi, mwenye kutaka huuchukua, huubadilisha, halipi. Unaipa anwani ya video, inakushushia. Ndani yake hamna wimbo hata mmoja. Nasema tena, hata mmoja. Kulikuwa na majaribio tu, mistari ya kupima kama programu bado inafanya kazi, na michache kati ya hiyo ilitaja anwani za video za Taylor Swift, Justin Timberlake na Icona Pop. Jaribio lilivuta sekunde chache likakatika. Chama kikazishika anwani hizo tatu kikasema: ushahidi huu hapa, programu hii imetengenezwa kwa ajili ya wizi.

Na msidhani walidai kwamba wimbo wao umenakiliwa kwenye GitHub. Hawakuweza kudai hivyo. Walishika kifungu cha 1201 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998, DMCA, kinachokataza kuvunja kufuli la kulinda kazi. Wakasema YouTube ina kufuli, na programu inalivunja. Kufuli gani? Ukifungua video kwenye simu yako, YouTube yenyewe inakipa kivinjari chako maelekezo ya kuifikia. Humpi mtu nywila, hulipi, huombi. youtube-dl ilisoma maelekezo hayo hayo. Ufunguo anaopewa kila mpita njia, utamshitaki nani kwamba ameuiba?

Haya ndiyo waliyoyasema mawakili wa EFF, shirika la kutetea haki za watu mtandaoni. Wakaeleza pia nani anaitumia: waandishi wa habari wanaohifadhi video za mashuhuda kabla hazijafutwa, walimu, watu wanaohitaji kupunguza kasi ya video ili waielewe. Tarehe 16 Novemba GitHub wakairudisha. Wakatenga dola milioni 1 za kuwatetea watengenezaji wa programu, wakaahidi kwamba madai ya kifungu hicho yatapitiwa na mafundi na wanasheria kabla ya kitu kuondolewa.

Siku 24. Sasa nawauliza wenzangu wanamuziki: katika siku hizo 24, ni mpiga ngoma gani aliyeingiziwa hata shilingi kumi kwa sababu youtube-dl haikuwepo? Naliuliza swali hili kila mwaka na kila mwaka ukumbi unanyamaza.

Najua mtu atasema, mwalimu, unatetea wizi. Sitetei. Nimeishi kwa fidla tangu utotoni, nyimbo zangu zimeibwa, na imeniuma. Lakini mimi ni mtu wa zama za kaseti. Nani kati yetu hakukaa na redio ya kanda, kidole juu ya kitufe, akingoja wimbo uanze aurekodi? Hao hao ndio waliojaa ukumbini tulipopiga. Aliyetumaliza ni yule aliyetoa nakala kwa mamia akaziuza dukani bila kutupa senti. Alikuwa na jina, alikuwa na duka, anajulikana. Hatukumfuata. Leo tunaambiwa adui ni redio ya kanda!

Na mnaoshangilia ilani za kuondoa kazi mtandaoni, mnajua zikikugeukia wewe inakuwaje? Mimi zimenigeukia. Wimbo niliotunga mwenyewe, tukaurekodi wenyewe, ukashushwa kwa dai la mtu nisiyemjua, ambaye alikuwa amesajili rekodi yenye kipande chetu ndani yake. Chini ya DMCA unaweza kujibu. Lakini uandike jina lako na anwani yako, uape, ukisema uwongo uadhibiwe, na ukubali kushitakiwa katika mahakama ya Marekani. Ndipo mtandao usubiri siku za kazi 10 hadi 14, na mdai asipofungua kesi, kazi yako irudi. Bi mkubwa wa taarabu anayeishi Ng'ambo hapa Unguja, atasaini karatasi ya kukubali mahakama ya Marekani? Hasaini. Anaacha. Na wimbo wa harusi ukirudi baada ya wiki mbili, harusi imekwisha zamani. Kwa kifungu cha 1201 hali ni mbaya zaidi, maana sheria haikuweka hata utaratibu huo wa kujibu.

Nimeonyeshwa kidole, dakika tano. Basi, pesa.

Kwenye mitandao mikubwa ya kusikiliza, pesa zote huingia kapu moja, zikagawiwa kwa hesabu ya nyimbo zilizosikilizwa zaidi. Bibi yangu akilipa ada ya mwezi mzima asikilize taarabu tupu, sehemu kubwa ya ada yake huishia kwa nyota asiyewahi kumsikia. Tangu 2024, Spotify hailipi mrabaha kwa wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12. Tena kinacholipwa hulipwa "wenye haki". Mwenye haki ni nani, mpigaji au kampuni? Someni mkataba wenu, nawasihi.

Sisi tuna utaratibu wetu wa zamani. Wimbo unaimbwa, ubeti unamchoma mtu kwa mambo yake mwenyewe, anainuka, anakuja mbele anacheza na noti mkononi, anamtunza mwimbaji. Hakuna kapu. Pesa imetoka kwa aliyeguswa imekwenda kwa aliyemgusa. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, inafanana na hilo: msikilizaji ananunua kwako, wao wanakata asilimia 15 kwenye muziki wa kidijitali, na mara nyingi hupungua kuwa 10 mauzo yakikua. Vijana wa programu huria nao wanahitaji kutunzwa. Watu wangapi humu wamehariri sauti kwa Audacity, programu huria, bure, miaka mingi, na hawajawahi kutuma hata dola moja? Mnakula jasho la wenzenu huku mnalalamika lenu linaliwa.

Nilitaka kusema juu ya miito ya simu na juu ya kanda za zamani za Radio Tanzania, muda hauniruhusu.

Kwenye meza ya mlangoni kuna karatasi za mgawo wa wimbo. Jina la mtunzi wa mashairi, wa muziki, kila mpigaji, asilimia ya kila mmoja, sahihi, tarehe. Jazeni kabla ya kutoka studio, si baada ya wimbo kupendwa. Na yule kijana wa nyuma aliyeniambia anaweza kutengeneza programu ya kuzihifadhi, aje akae huku mbele na wazee waanze kazi leo.